Mfumo Hauna Kidole

Siku Luqmani alipoondoka nilikuwa nimempikia ugali wa mtama na mlenda, akachelewa, nikafunika sahani.

Aliyekuja ni Hezekia, mpima mizigo wa kiwandani kwetu. Alikuja peke yake kwa bodaboda. Akasimama mlangoni, akanisalimia, halafu akanisalimia tena kama mtu aliyesahau. Nikajua.

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya gunia la alizeti akisubiri mzani utulie. Hakuinuka.

Nayarudia haya kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza. Luqmani alikuwa na kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida Mjini. Mimi, Hajira, niko ndani kwa mama yake, nimekaa eda. Binti yetu Kudra yuko shule ya bweni. Wiki iliyopita niliishia pale mama mmoja wa Ilongero alipobisha hodi, hela kaifunga kwenye pembe ya kanga, na uso wake si uso wa mtu aliyekuja kutoa pole.

Anaitwa Rebeka. Ametuletea alizeti tangu kiwanda kinaanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Hela ya marehemu. Amenilipa."

Nikamwambia aliyemlipa ni shemeji yangu Othmani, kaka yake Luqmani.

"Huyo alinilipa, ndiyo. Mkononi, hapo barazani kwenu. Halafu juzi asubuhi simu ikaita, nikapokea. Akanisalimia kwa Kinyaturu. Akasema, 'Mimi Luqmani. Hela yako ya alizeti imeingia, asante kwa kutuletea.' Nikatazama, kweli imeingia." Akafungua fundo la kanga. "Mama Kudra, mimi yule mtu nilikuwepo akifukiwa. Chukua. Siwezi kula hela yake mara mbili."

Sikuwa nimefungua mdomo Othmani akaingia. Alikuwa barazani, amesikia kila neno.

"Mara mbili?" akauliza. "Nani kamlipa mara ya pili?"

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtanipotea.

Siku ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika makaburini, Othmani alisimama akasema lile linalosemwa kwetu: anayemdai ndugu yangu asimfuate marehemu, aje kwangu, kuanzia leo deni ni langu. Wengine husema tu, siku zikapita. Othmani hakusema tu. Aliuza ng'ombe wake. Akakaa barazani na Hezekia pembeni, kila aliyeleta alizeti na Luqmani akafa hajamlipa, yeye akamlipa mkononi. Wengine aliwafuata mwenyewe hadi Ikungi. Kwa hilo nilimheshimu, na bado namheshimu.

Ila hakuna aliyekumbuka kuuambia mfumo.

Mfumo ule Luqmani alifungiwa na kijana wa Dodoma anaitwa Raymond. Aliunganisha mzani na kompyuta, kompyuta na akaunti ya simu ya biashara. Mzigo ukipimwa, uzito unaingia wenyewe, bei inapigwa yenyewe, na asubuhi yake mfumo unampigia Luqmani. Akibonyeza moja, hela inaenda kwenye simu ya mkulima, na mkulima anapigiwa kujulishwa. Akibonyeza mbili, au asipopokea, mzigo unasubiri, na kesho yake asubuhi mfumo unampigia tena.

Sauti iliyokuja na mfumo ilikuwa ya mwanamke anayetamka Ilongero kama jina la dawa. Luqmani alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi zangu wakipigiwa na huyu watajua ni matapeli," alisema. Wengi wa wakulima wake ni wazee, ujumbe wa maandishi hawasomi. Akarekodi sauti yake mwenyewe, kila kitu, mpaka salamu za Kinyaturu. Raymond akaiweka sauti hiyohiyo kila mahali, hata kwenye simu inayomjia Luqmani.

"Sasa najipigia mwenyewe," akaniambia. "Nikijinyima hela nitamlalamikia nani?"

Turudi siku ya Rebeka.

Othmani alimpa yule mama nauli, akamsindikiza hadi nje kwa adabu, akarudi. Hakukaa.

"Shemeji, simu ya marehemu iko wapi?"

"Ipo inachaji."

"Haijazimwa?"

"Watu wanapiga kutoa pole. Na wateja wa mafuta. Ningeizimaje?"

"Mpigie huyo fundi. Weka sauti ya juu nisikie."

Nikampigia Raymond kwa simu yangu. Alianza na pole nyingi, akasema alipata habari akashindwa kuja. Nikamkatisha, jambo ambalo si tabia yangu.

"Raymond, mfumo umelipa watu wenyewe?"

"Hapana, dada. Mfumo haulipi wenyewe, lazima mtu aruhusu. Subiri niangalie." Tukasikia akigonga kompyuta. "Imeruhusiwa. Kutoka simu ya marehemu. Mizigo yote iliyokuwa inasubiri, karibu yote."

"Bila namba ya siri?" Othmani aliuliza.

"Shikamoo, kaka. Nilimshauri aweke namba ya siri. Akasema mikono yake ina mafuta kutwa nzima, moja inamtosha."

"Imebonyezwa lini?"

"Asubuhi. Siku tofauti, lakini zote asubuhi mapema. Mtu anapokea, anabonyeza moja, moja, moja. Hakuna mbili hata mara moja." Akagonga tena. "Na kwenye akaunti sasa hivi hakuna kitu."

Hela iliyokuwa mle ndiyo ilikuwa ya kununulia alizeti ya msimu huu.

Othmani alisubiri niweke simu chini.

"Umesikia," akasema polepole. "Mfumo hauna kidole, Hajira."

Tangu niolewe nyumba ile alikuwa akiniita shemeji. Siku ile ndiyo aliniita jina.

"Sijabonyeza kitu, wallahi."

"Mle ndani mko wawili. Wewe na Mama. Mama hata kupiga simu hajui, namba zake zote namtafutia mimi. Nani mwingine? Jini?"

"Ningewalipa wakulima ili nipate nini?"

"Hilo utalisema Jumapili. Labda kuna namba zako humo katikati, nitajuaje? Labda ulitaka Othmani achekwe. Na nitachekwa. Sokoni wataniita mlipa vilivyolipwa." Akavaa viatu. "Jumapili ukoo unakaa. Usipoeleza hela ilikokwenda, wewe ni mwizi wa mirathi, na hivyo ndivyo utakavyoitwa hadi kwa binti yako."

Akatoka.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini hilo si jipya. Tangu msiba usingizi wangu unakuja baada ya alfajiri. Nikishaswali najilaza, naondoka kabisa, siamki hadi jua liwe juu. Kwa hiyo asubuhi za nyumba ile sikuwa nazijua.

Safari hii nikaswali, nikabaki nimekaa kwenye mswala.

Soketi ya chumbani kwangu iliungua zamani. Simu ya Luqmani huchajiwa chumbani kwa Mama, juu ya kiti karibu na kitanda chake. Ikaita. Ikaita mara moja tu, ikapokelewa.

Halafu nikamsikia mume wangu.

Sitaeleza nilivyojisikia. Niliinuka, nikashika ukuta hadi mlangoni kwa Mama.

Alikuwa amekaa kitandani, simu iko mapajani juu ya kanga, sauti ya juu. Kikombe cha uji kilikuwa sakafuni, kimekwisha. Aliniona, akaniwekea kidole mdomoni.

"Njoo ukae. Usimkatishe."

"Mama, hiyo simu."

"Nyamaza kwanza."

Sauti ya Luqmani ilikuwa inasema, "Salio halitoshi. Bonyeza moja kujaribu tena. Bonyeza mbili kusubiri." Mama akabonyeza moja. Kidole chake kilikuwa kinaijua njia. Sauti ikasema tena, "Salio halitoshi."

"Leo anarudia neno hilo hilo," Mama akasema. "Salio, salio. Siku zile alikuwa anataja watu. Fulani wa Ilongero, gunia zake kadhaa, asante, anayefuata. Anawajua wote kwa majina, mwanangu. Leo nadhani kachoka."

Nikakaa chini.

"Mama, umekuwa ukipokea kila siku?"

"Ananipigia, nisipokee?" Akanitazama. "Usiniangalie hivyo. Najua kafa. Nilimwona akitolewa kwa mlango huo. Najua hiyo imerekodiwa, mimi si mtoto."

"Sasa kwa nini unabonyeza?"

"Nikibonyeza hiki, anaendelea kuongea. Kile kingine sijawahi kukigusa, maana mwenyewe anasema ni cha kusubiri hadi kesho. Nikajua hicho ni cha kunyamaza. Nibonyeze cha kumnyamazisha mtoto wangu kwa nini?"

Akaifuta simu kwa pembe ya kanga.

"Halafu anasema kulipa," akaendelea, sauti imeshuka. "Hulisikii? Bonyeza moja kulipa. Mtu kafa na madeni, anasema lipa. Mimi sina kitu cha kulipa, lakini kama ni kubonyeza tu roho yake itulie, nakataaje? Mama yake mimi."

Mnajua, tangu azikwe Mama alikuwa hali. Tulikuwa tunambembeleza kwa uji kama mgonjwa, anakunywa vijiko viwili anageukia ukuta. Karibuni alianza kumaliza kikombe. Tulifurahi wote, Othmani akafurahi kuliko sisi, akaleta maziwa ya Ilongero. Hakuna aliyeuliza kilichomrudishia hamu.

"Usimwambie Othmani," akasema. "Atasema nimechanganyikiwa. Ameshaanza kusema nikaishi Dodoma kwa dada yake, nipumzike. Nikipelekwa huko mimi sirudi. Nataka kufia kwenye nyumba aliyotoka Luqmani."

"Mama, ukibonyeza hapo..."

Nikaishia hapo. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Nikarudi chumbani, nikampigia Raymond. Nikamwomba akate muunganisho, mfumo uache kupiga.

"Siwezi hivihivi, dada. Mwenye mkataba ni marehemu. Bosi wangu anataka msimamizi wa mirathi aniambie mwenyewe. Ni nani?"

"Bado hajateuliwa. Atakuwa Othmani."

"Basi kaka Othmani anipigie. Dakika moja tu, nakata. Ila ataniuliza sababu."

"Na kuweka namba ya siri je?"

"Ni hayo hayo. Lazima yeye."

Kukata kulipitia kwa Othmani, na kwa Othmani ndiko sikuweza kwenda. Nilijiambia akaunti haina kitu, hakuna kitakachotoka tena. Acha Mama amsikilize. Nitafikiri.

Jumapili ikafika sijafikiri kitu.

Walikaa sebuleni baada ya adhuhuri. Mkubwa wao Mzee Mansuri, ami yake Luqmani, mtu wa maneno machache. Othmani. Hezekia aliitwa kueleza mizigo, akakaa karibu na mlango na kofia mkononi. Mama aliwekewa mto. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, eda hainiruhusu kukaa mbele ya wanaume wale.

Othmani aliongea vizuri. Hakutukana. Alieleza kaburi, ng'ombe, Rebeka, Raymond.

"Mimi sidai ng'ombe wangu," akasema. "Nilitoa kwa ajili ya ndugu yangu, basi. Nauliza kitu kimoja. Nani kaitoa hela kwenye akaunti ya marehemu?"

Akamgeukia mpima mizigo.

"Hezekia?"

"Mimi napima tu, mzee. Simu ya bosi sijaigusa. Hata alipoanguka ilikuwa mfukoni mwake, mkaitoa ninyi."

"Hajira?" akaita Mzee Mansuri.

Kabla sijajibu, Mama akasema, "Mwacheni mtoto huyu."

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini, Othmani? Mimi ndiye naishi naye. Anaswali, analala, analia. Hatoki hata uani. Akaunti gani ataiendea? Iko wapi hiyo akaunti? Huyu si mwizi."

Alikuwa haelewi. Hapo nilipokuwa ndipo nilipolielewa hilo: Mama alikuwa anatafuta akilini mtu aliyekwenda mahali, akafungua kitu, akatoa noti. Hakuwa anajificha. Kile anachofanya asubuhi na hiki wanachouliza havikukutana kichwani mwake hata kidogo.

"Mama, nyumba hii ina vidole vya watu wawili," Othmani akasema. "Vyake na vyako. Sasa unataka niseme ni vyako?"

Akacheka kidogo, kwa uchungu. Mzee Mansuri hakucheka. Nilimwona kwa upenyo wa pazia akigeuza kichwa taratibu kumtazama Mama, mikono yake, kisha uso wake.

Angeuliza. Swali lilikuwa tayari mdomoni mwake.

"Ni mimi," nikasema.

Mama ndiye aliyegeuka.

"Wewe?" akauliza.

Neno hilo tu. Na namna alivyoliuliza, nimelisikia tangu siku ile kila nikitulia.

"Ulibonyeza kwa nini?" Mzee Mansuri akauliza.

"Nilidhani hawajalipwa."

"Othmani alikuwa analipa hapo barazani, unamsikia."

"Sikuwa na akili siku zile, ami."

"Na ulipoulizwa ukaapa wallahi kwamba hujabonyeza," Othmani akasema. "Jina la Mungu, Hajira. Ukiwa kwenye eda."

Hilo lilinipata, kwa sababu kiapo kilikuwa cha kweli, na uongo ndiyo huu ninaosema sasa.

Othmani alitaka niondoke kesho yake, nirudi kwetu Kondoa. Mzee Mansuri akamzuia.

"Mwanamke wa eda hatolewi nyumbani kwa mumewe. Hilo halina mjadala, hata angekuwa kachoma kiwanda. Atakaa hadi eda iishe. Baada ya hapo tutaongea."

"Akae, lakini asiguse kitu cha biashara. Funguo, karatasi, simu. Simu hasa."

"Simu ikae kwa nani?"

"Kwa Mama," Othmani akasema. "Yeye hajui kuitumia, hapo itakuwa salama."

Nikasogea hadi pazia likanigusa uso.

"Izimwe, shemeji. Nakuomba. Izime kabisa."

"Ili iweje? Yule mnunuzi wa mafuta wa Dodoma anapiga namba hiyo. Jana ametuma malipo ya awali kwenye akaunti ileile, ndiyo anayoijua. Kiwanda kimefunguliwa, tumeanza upya. Unataka asitupate?"

"Basi mpigie Raymond."

"Nimpigie nimwambie nini? Fundi wako huyo alishamaliza kazi yake, alishatuambia simu iliyolipa." Akainuka. "Wewe huna neno tena juu ya simu hiyo."

Mama alipita mbele ya pazia akirudi chumbani, simu kaishika kifuani. Hakunitazama.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Naruhusiwa kukaa ndani ya nyumba, siruhusiwi kuigusa simu, na Mama haongei na mimi. Kwenye akaunti kuna hela ya mtu wa Dodoma. Leo Hezekia amepima mizigo kutwa nzima, ya Ilongero na ya Ikungi, na Othmani amewalipa wenyewe mkononi, papo hapo langoni, kwa hela ya madumu ya mafuta. Simu iko kwenye kiti chumbani kwa Mama, inachaji, inasubiri asubuhi.